Maandiko na Mapokeo katika Mpaka wa Umba

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, hukutana na neno mapokeo mahali pawili panapoelekea kupingana. Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko neno hili ni la lawama: Mafarisayo wanakemewa kwa kuwa wameiweka kando amri ya Mungu na kushikamana na mapokeo ya watu. Katika sura ya 2 ya Waraka wa Pili kwa Wathesalonike neno lilo hilo ni la sifa: waumini wanaagizwa wasiyaache mapokeo waliyofundishwa, yawe yaliwafikia kwa mdomo au kwa barua. Katika Kiyunani neno ni moja, paradosis, na wafasiri wa Kiswahili walifanya uaminifu kulifasiri kwa neno moja, ijapokuwa wangaliweza, kama walivyofanya wafasiri wa lugha nyingine, kutumia neno baya penye lawama na neno zuri penye sifa. Kwa uaminifu huo walimwachia msomaji wa Kiswahili ugomvi ambao Wakristo wa Magharibi wameugombania tangu karne ya 16: je, mamlaka ya dini yamo katika Maandiko peke yake, au yamo katika Maandiko pamoja na yale ambayo Kanisa limeyapokea na kuyakabidhi kizazi kwa kizazi?

Makala haya yana nia ya kuufuata ugomvi huo katika pembe moja ya pwani yetu, yaani nchi iliyo kusini ya Mombasa, kutoka Diani na Msambweni hata Vanga, mahali ambapo mto Umba unaingia baharini. Huenda msomaji akashangaa kwa nini tumeichagua nchi hii, ambayo wenyeji wake, Wadigo na Wavumba na Wachifundi, kwa wingi wao ni Waislamu. Sababu ni hii. Kusini ya Umba lilikuwako Kanisa la Kianglikana lililoshika Mapokeo. Kaskazini yake lilikuwako Kanisa la Kianglikana lililoshika Maandiko. Yalikuwa Kanisa moja kwa jina, chini ya Askofu Mkuu mmoja wa Canterbury, lakini yalitofautiana katika ibada, katika fikira juu ya uaskofu na, jambo ambalo wanahistoria wa dini hawajalitilia mkazo wa kutosha, katika Kiswahili chao. Nchi ya Wadigo, ambao wako pande zote mbili za mpaka, ndiyo iliyokuwa kizingiti baina ya nyumba hizo mbili.

Tuanze na asili ya ugomvi wenyewe, lakini kwa ufupi, maana wasomaji wengi wanaijua. Martin Luther aliposimama mbele ya baraza la Worms mwaka 1521 alikataa kuyakana maandishi yake mpaka ashindwe kwa ushahidi wa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Mapapa na mabaraza, alisema, yamekwisha kosea na kupingana. Kanisa la Roma lilijibu katika baraza la Trento mwaka 1546 kwamba kweli ya Injili imo katika vitabu vilivyoandikwa na pia katika mapokeo yasiyoandikwa, na kwamba vyote viwili vipokewe kwa heshima iliyo sawa. Kanisa la Uingereza lilitafuta njia ya katikati. Makala yake 39, zilizothibitishwa mwaka 1571, zinasema kwamba Maandiko yanatosha kwa wokovu, wala mtu asilazimishwe kuamini lisilothibitika kwayo. Lakini hizo hizo zinasema kwamba Kanisa lina mamlaka katika mabishano ya imani, na kwamba mtu asiyavunje mapokeo ya Kanisa kwa hiari yake mwenyewe. Kanisa lenye maneno kama hayo katika katiba yake laweza kuzaa watoto wawili wasiofanana. Nalo liliwazaa, na wote wawili wakaja pwani ya Afrika Mashariki.

Wa kwanza ni C.M.S., chama kilichoanzishwa mwaka 1799 na Waanglikana wa mrengo wa kiinjili. Mtumishi wake wa kwanza katika pwani hii, Johann Ludwig Krapf, hakuwa Mwingereza bali Mjerumani wa Württemberg, mtoto wa uchaji wa Kilutheri. Alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe mwaka huo huo, na kabla ya kupata hata mwongofu mmoja alikuwa amekwisha anza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Mwaka 1848 Injili ya Luka katika lugha ya Kinika, yaani lugha ya Warabai na jamaa zao, ilichapwa Bombay. Mwaka uo huo Krapf alipita bara nyuma ya pwani ya kusini akielekea Usambara. Mwenzake Rebmann aliendelea na kazi ile Rabai kwa miaka mingi, na Luka yake ya Kiswahili ikachapwa mwaka 1876. Tazama utaratibu huu: kitabu kilitangulia, kusanyiko likafuata. Kwa mtu wa Maandiko peke yake huo ndio utaratibu wa haki, kwa sababu Neno ndilo linalozaa Kanisa, wala si Kanisa linalozaa Neno.

Wa pili ni U.M.C.A., misheni iliyotokana na hotuba za Livingstone katika vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857. Baada ya msiba wake kule Shire ilihamia Unguja mwaka 1864, na pamoja na Askofu Tozer alikuja Edward Steere. Watu wake walikuwa wa mrengo wa juu, wafuasi wa chuo cha fikira cha Oxford kilichotaka kulirudisha Kanisa la Uingereza katika mapokeo ya mababa wa kale: uaskofu uliopokewa mkono kwa mkono tangu mitume, sakramenti, kuungama, mavazi matakatifu na ubani. Kutoka Unguja walivuka bara wakajenga Magila katika nchi ya Bonde, na kazi yao ikaenea kuelekea Tanga, mpaka kuwagusa Wadigo wa upande ule. Mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Hapa utaratibu ni mwingine: nyumba ya ibada, madhabahu, askofu na mapadre, ndani ya hayo Kitabu kinasomwa, na nje ya hayo kinaweza kupotoshwa na kila asomaye.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba watu wa Unguja walikipuuza Kitabu. Jambo la ajabu katika historia hii ni kwamba walikuwa wafasiri wepesi na hodari kuliko watu wa Mombasa. Agano Jipya la Steere lilitoka mwaka 1879, na Biblia nzima mwaka 1891, miaka 9 baada ya kufa kwake. Mombasa, iliyoanza miaka 20 kabla ya Steere kukanyaga Unguja, haikuwa na Agano Jipya kamili la Kimvita mpaka mwaka 1909, wala Biblia nzima mpaka mwaka 1914. Waliosema kwamba Maandiko peke yake yatosha walikawia kuyapata, na waliosema kwamba Maandiko hayatoshi peke yake waliyatoa upesi! Sababu zake ni nyingi, nasi hatuna nafasi ya kuzieleza zote. Tutaitaja moja tu. William Ernest Taylor, mtaalamu mkubwa wa Kimvita katika C.M.S., alikuwa mtu asiyeridhika na neno mpaka amelisikia likiishi katika vinywa vya wajuzi. Alihubiri sokoni Mombasa amevaa kanzu, alikusanya methali na mashairi ya Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na kwake tafsiri isiyofikia ufasaha wa washairi ilikuwa aibu. Mtu wa namna hiyo hafanyi kazi kwa haraka.

Steere alichagua njia nyingine, na yeye mwenyewe ameieleza katika dibaji ya kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870. Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni mashuhuri wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Kazi haikuendelea sana, kwa kuwa Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Lakini Steere aliona pia kwamba lugha ya Sheikh ilikuwa ya kisomi mno kwa makusudi yake. Alitaka lugha ambayo watu wa kawaida wa mjini na watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa wangeielewa katika ibada. Kwa hiyo lugha iliyomfaa ni ile iliyokwisha kupokewa na wengi, wala si ile iliyokuwa karibu na chemchemi.

Tumefika hapa kwenye neno ambalo ndilo shina la hoja yetu. Kabla ya kuliendea hatuna budi kukumbuka kwamba watu wa pwani ya kusini waliosikia mabishano ya Wakristo hawakuwa masikio matupu. Mwislamu wa Vanga au wa Msambweni alikuwa na elimu yake juu ya kitu kilichopokewa. Hadithi za Mtume huitwa zimepokewa. Waliozieneza huitwa wapokezi. Na thamani ya hadithi hupimwa kwa uzima wa mnyororo wa wapokezi hao. Kwa mtu kama huyu kauli ya mhubiri wa kiinjili, kwamba kilichoandikwa ni salama na kilichopokewa kwa mdomo ni cha wanadamu, haikuwa kauli iliyo wazi yenyewe. Kwake kilichoandikwa nacho kimepokewa. Baadaye, katika miaka ya 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipotumia gazeti lake al-Islah kuzipinga desturi ambazo aliona hazina msingi katika Qurani na Sunna, Waislamu wa pwani nao waliingia katika mjadala wao wenyewe juu ya mamlaka na desturi. Hatusemi kwamba mijadala hii miwili ni mmoja. Haifanani, kwa kuwa Sunna yenyewe ni kitu kilichopokewa. Twasema tu kwamba lugha ilikuwa imekwisha kuitayarisha mizani kabla Wakristo hawajaleta mizigo yao.

Mwaka 1913 mambo yalitoka katika maktaba na makanisa yakafika magazetini hata London. Mwezi wa Juni wajumbe wa misheni zisizo za Kiroma katika Afrika Mashariki ya Kiingereza walikutana Kikuyu, katika misheni ya Kanisa la Skotlandi. Mapendekezo yao ya shirikisho yaliungwa mkono na C.M.S., Waskoti, Africa Inland Mission na Wamethodisti, ambao tangu mwaka 1862 walikuwa Ribe na baadaye Mazeras, kwenye mlango wa nchi ya Waduruma. Msingi wa kwanza wa shirikisho ulikuwa kuyakubali Maandiko Matakatifu kuwa kanuni iliyo kuu ya imani na mwenendo, pamoja na Imani ya Mitume na ile ya Nikea kama maelezo ya jumla ya imani ya Kikristo. Uaskofu haukuwekwa kuwa sharti. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki.

Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston aliwaka. Mtu huyu alikuwa ameishi Unguja tangu mwaka 1898, amefundisha Kiungani, na amekuwa askofu tangu mwaka 1908. Alikuwa mwanateolojia wa kweli, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekikalia. Alimwandikia Askofu Mkuu Davidson akiwashitaki Peel na Willis, Askofu wa Uganda, kwa kueneza uzushi na kulipasua Kanisa. Mwaka huo huo alichapa barua ya wazi iliyouliza Kanisa la Uingereza linasimamia nini hasa.

Ni desturi ya waandishi wengi kumwonyesha Weston kama mtu wa taratibu na mavazi aliyewaonea wivu ndugu zake wa Kikuyu. Sisi hatukubali. Katika barua ile ile alishambulia pia kitabu cha wanachuoni wa Oxford kiitwacho Foundations, kilichotoka mwaka 1912, kwa kuwa aliona kinadhoofisha ushahidi wa Injili wenyewe. Yaani askofu wa Mapokeo ndiye aliyesimama kuyatetea Maandiko dhidi ya wanachuoni waliokuwa wakiyachambua. Hoja ya upande wake, tukiivua ukali wake, ni hii: nani aliyekuambia kwamba Injili ni nne wala si tano? Nani aliyekuhifadhia waraka wa Paulo na kuuacha mwingine? Ikiwa ni Kanisa, basi huwezi kulishika Kitabu kwa mkono wa kulia na kulisukuma Kanisa kwa mkono wa kushoto. Akasema pia, na hapa alikuwa akiwafikiria waumini wake wa Kiafrika, kwamba Mkristo anayetoka dayosisi moja kwenda nyingine hawezi kufundishwa kule kwamba askofu ni wa lazima na huku kwamba si wa lazima.

Tukiitazama ramani, maneno hayo si nadharia. Mpaka uliotiwa saini na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulianzia mdomo wa Umba. Upande wa kusini, katika Bonde na Tanga, alikuwapo Askofu wa Unguja. Upande wa kaskazini Askofu wa Mombasa. (Mipaka ya kanisa haikulingana kabisa na ya serikali, maana C.M.S. ilikuwa na vituo vyake Ukaguru ndani ya koloni la Wajerumani, na Pemba, inayoikabili Wasini ng'ambo ya mkondo, ilikuwa ya Unguja. Lakini katika sehemu hii ya pwani ililingana.) Mkristo kutoka Bonde aliyevuka kutafuta kazi katika mashamba ya upande wa Kiingereza alikuwa amefundishwa kuungama kwa padre na kuiinamia madhabahu. Kaskazini alikuta meza, mimbari na mchungaji. Je, ilikuwa dini ile ile? Mkutano wa Kikuyu ulisema ndiyo, kwa sababu Kitabu ni kile kile. Weston alisema jibu hilo halitoshi.

Askofu Mkuu Davidson alilipeleka shauri kwa baraza la maaskofu wa kumshauri mwaka 1914, na jibu lake lilitolewa wakati wa Pasaka mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto na Peel akiwa na mwaka mmoja tu wa kuishi. Lilikuwa jibu la kumpa kila mtu nusu. Wahubiri wa madhehebu mengine waliweza kukaribishwa. Waanglikana wasiende kupokea ushirika kwa wasio na maaskofu. Na ibada ya namna ile ya Kikuyu isirudiwe. Mwaka 1918 mkutano wa pili ulifanyika Kikuyu, na safari hii Weston alikuja mwenyewe na mpango wake wa umoja ulioanzia uaskofu. Makanisa yasiyo na maaskofu hayakuukubali. Kilichopatikana ni muungano wa misheni tu, ambao miaka 8 baadaye jina lake lilipewa shule ya Alliance.

Wanahistoria wengi wa Kanisa humalizia hapa. Kwa mwanafunzi wa lugha sehemu iliyo tamu ndiyo inaanza.

Katika miaka ya 1920 serikali za Afrika Mashariki zilitaka Kiswahili kimoja cha shule na vitabu. Lahaja zilizogombea zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na kanisa nyuma yake: Kimvita kiliungwa mkono na C.M.S., waliokwisha kukitolea Biblia, na Kiunguja kiliungwa mkono na U.M.C.A. Mkutano wa Mombasa wa Juni 1928, uliohudhuriwa na mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof, uliamua kwa Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Watu wa Mombasa walihuzunika. Walikuwa na hoja nzuri: fasihi kongwe, washairi, nti na ndia zao zilizo karibu na lugha ya tenzi. Lakini Kiunguja kilikuwa kimetembea na misafara hata Kongo, na uenezi wake ulishinda ukongwe wa mwenziwe.

Hapo aliingia mtu wa tatu, Karl Roehl, Mlutheri aliyekuwa mmisionari Usambara, si mbali na chimbuko la Umba. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia yake mwaka 1937. Roehl aliona kwamba Kiswahili cha tafsiri zilizotangulia kimejaa Kiarabu kupita kiasi, na kwamba mtu wa bara halielewi neno la Mungu likivikwa joho la Pwani. Akaazimia kuyatoa maneno ya Kiarabu kadiri alivyoweza na kuyarudisha ya Kibantu. Aliyemjibu katika jarida la Africa mwaka 1931 alikuwa G. W. Broomfield wa U.M.C.A., mtu wa Unguja. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba maneno ya Kiarabu si kutu juu ya chuma. Yamekwisha kuwa Kiswahili kwa kuwa wasemaji wameyapokea, na asiyetaka kuyapokea anaunda lugha yake mwenyewe.

Twaomba msomaji apime jambo hili kwa utulivu, kwa sababu hatuna shahidi aliyesema kwamba Roehl au Broomfield waliona uhusiano huu wenyewe. Ni maoni yetu. Roehl aliitendea lugha kama Luther alivyolitendea Kanisa. Alitafuta asili iliyo safi, akaona yaliyoongezwa na karne zilizofuata kuwa ni uchafu, akashika ufagio. Broomfield aliitetea lugha kama Weston alivyolitetea Kanisa: kilichopokewa na wote, kwa muda mrefu, kina haki, hata kama hakikuwapo mwanzo. Hata neno la kuwahukumu wote wawili ni lile lile la Marko 7 na la Wathesalonike. Ni mapokeo ya watu, yanayostahili kufagiliwa? Au ni mapokeo tuliyofundishwa, yanayostahili kushikwa?

Kwa upande wa lugha twadhani Broomfield alikuwa na haki, na wakati umemthibitisha. Biblia ya Roehl ilipendwa na Walutheri wengi wa Tanganyika, lakini Union Version, iliyotoka Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ilikifuata Kiswahili Sanifu pamoja na Kiarabu chake, nayo ndiyo iliyoshika mimbari. Kwa upande wa dini hatutoi hukumu hapa. Lakini kuna jambo ambalo watu wa Maandiko peke yake katika Kenya hawana budi kulikabili. Kitabu wanachokifungua Ukunda, Kwale au katika makanisa ya walowezi wa Kikamba kule Shimba Hills kimeandikwa katika lahaja iliyotengenezwa kwa kiasi kikubwa katika chumba cha Steere Unguja. Istilahi zake nyingi zilipimwa kwanza katika ibada ya Kanisa lililokuwa na ubani. Hata Kiswahili cha neno Maandiko kimefika mikononi mwao kwa kukabidhiwa. Mhubiri wa kiinjili aweza kujibu, na jibu lake si dhaifu, kwamba chombo si chakula, na kwamba kuipokea lahaja ya Unguja si kuyapokea madai ya askofu wa Unguja. Lakini ajibu. Asipite kando kama kwamba swali halipo.

Wakatoliki wa Kiroma tumewataja kidogo mno katika makala haya, nao ni wengi katika pwani ya kusini tangu kuja kwa watu wa bara katika kiwanda cha sukari cha Ramisi na baadaye katika hoteli za Diani. Wao walikuwa na ugomvi wao juu ya idadi ya vitabu, maana tangu mwaka 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza kilikataa kutumia fedha zake kwa vile vitabu ambavyo Waprotestanti huviita Apokrifa, na kwa hiyo Biblia za Kiswahili zilizochapwa nacho hazikuwa navyo. Baraza la Vatikano lilitoa mwaka 1965 hati iliyosema kwamba Maandiko na Mapokeo yanabubujika katika chemchemi moja ya kimungu. Mwaka 1968 vyama vya Biblia na Roma vilikubaliana kanuni za kufasiri pamoja, na matunda yake kwetu ni Habari Njema, iliyotolewa kwanza Agano Jipya mwaka 1977 na Biblia nzima katika miaka ya 1990, ikiwa na toleo lenye vitabu vile vya ziada. Mwaka 2007 Wadigo nao walipata Agano Jipya katika lugha yao wenyewe, na kwa mara ya kwanza Mdigo aliweza kulisoma lote akimwita Mungu Mlungu, bila kupitia Mombasa wala Unguja.

Nyumba mbili za Kianglikana ziliunganishwa mwaka 1960, ilipoundwa Jimbo la Afrika Mashariki chini ya Askofu Mkuu Leonard Beecher wa Mombasa. Dayosisi za C.M.S. na za U.M.C.A. ziliwekwa ndani ya katiba moja, na kwa miaka 10 Umba haukuwa mpaka wa kanisa. Mwaka 1970 jimbo liligawanywa, Festo Olang' akawa Askofu Mkuu wa Kenya na John Sepeku wa Tanzania, na mto ukarudi kuwa mpaka. Anayetoka Tanga leo akavuka Horohoro na Lungalunga, akaingia kanisa la Waanglikana siku ya Jumapili, atasikia somo likisomwa kwa maneno yale yale aliyoyazoea kwao. Atakapotazama madhabahuni ndipo atakapojua kwamba amevuka.